Mume wangu anataka tukalale porini, hema moja na mama yake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kibaha. Nina mume na watoto watatu: binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 9 na kitinda mimba wa miaka 3. Mwenzangu ni fundi umeme. Ndani ya nyumba hatuna ugomvi wa kutisha, na wapo watakaosoma hili waseme ni shida za watu walioshiba. Lakini mimi usiku silali.

Tangu mwaka jana mume wangu amekuwa akiangalia video za familia zinazosafiri na mahema, zinapika nje, zinalala hifadhini. Nikadhani yatapita. Mwezi uliopita akarudi kutoka Kariakoo na hema. Kubwa, la watu wanane, bluu iliyokoza, pamoja na karatasi ya ratiba aliyoiandika kwa mkono wake. Likizo ya Juni tuondoke siku tisa na Noah ya kaka yake: Mikumi, Udzungwa, Saadani, Pangani, Tanga kwenye mapango ya Amboni, tupande Lushoto, tumalizie Mkomazi, ndipo turudi. Kila mahali usiku mmoja, Pangani tu ndiyo siku mbili.

Na hatuendi peke yetu. Anataka mama yake awepo. Mama mkwe ana miaka 72, tunaishi naye tangu baba alipofariki. Ana presha, na magoti yanamsumbua. Kwao ni Pangani, alitoka huko akiwa msichana, na mume wangu anasema mama akaone kwao angali na nguvu. Hapo sina la kubisha, nia yake ni njema. Nilipomuuliza mama mwenyewe akanijibu, "Mimi nitakwenda popote mwanangu atakaponipeleka."

Shangazi, mimi naogopa simba. Nimesikia Mikumi mahema yanapigwa porini hapo hapo, hakuna ukuta wala uzio. Fisi wanapita, tembo wanapita, nyoka ndiyo usiseme. Mtoto wa miaka 3 akiamka usiku anataka kukojoa, natoka naye naenda wapi? Nikimwambia mwenzangu ananicheka, eti mwalimu mzima naogopa wanyama ninaowafundisha darasani. Anafungua simu ananionesha wazungu na watoto wao wamelala vizuri kabisa.

Na hema lenyewe ni moja. Nilimuuliza mama atalala wapi, akasema lina pazia katikati, upande huu sisi, upande ule mama na watoto. Nikanyamaza.

Jirani aliposikia aliniuliza kama nyumba tumeipangisha. Dada yangu anasema hizo fedha tungekaa nazo hotelini Bagamoyo siku tatu nikapumzika, maana likizo ya Desemba niliimaliza jikoni na wageni. Mume wangu anasema hotelini watoto watajifunza nini.

Nifanyeje? Nikikataa nitaonekana nimemzuia mama wa watu kwenda kwao. Nikikubali nitakufa na hofu. Na kweli watu kama sisi, na mtoto mdogo na mzee, tunaweza kulala kwenye hema hifadhini tukarudi salama?

Mama Kitinda, Kibaha

*

Marahaba, mwanangu.

Simba umempa aya nzima. Pazia umelipa mistari miwili, ukafunga na "nikanyamaza". Mimi nitaanza na pazia.

Mke na mume upande huu wa kitambaa, mama mkwe upande ule anasikia hata mtu akijigeuza: hilo halina mjadala, si Pwani tu, hata bara. Utavalia wapi? Mumeo akikuita kwa lile jina analokuita mkiwa wawili, utaitikaje? Mama naye akitaka kuamka alfajiri atie udhu, awaruke nyinyi wawili kwenye mlango wa hema? Mumeo hakuliona hili kwa sababu kwake yule ni mama tu, kalala naye chumba kimoja utoto wake wote. Na zile video anazoangalia hazina mkwe ndani yake.

Wewe ukaona aibu kulisema, ukamtanguliza simba. Ubaya ni kwamba simba mumeo ana majibu yake. Kila ukimtaja, simu inafunguliwa. La pazia hana video ya kukuonesha.

Basi mwambie mkiwa wawili, watoto wamelala: "Baba nanihii, safari nimeikubali. Lakini mama halali hema moja na sisi. Tumtafutie chumba." Ishia hapo. Usichanganye na nyoka, usichanganye na dada yako. Kama ni mwanamume wa kwetu atakaa kimya kidogo, halafu atajifanya alikuwa analifikiria siku nyingi. Mwache ajifanye.

Chumba kinapatikana. Mikumi na Saadani hifadhi zenyewe zina mabanda na nyumba za kupumzikia, vyumba vya kawaida vyenye kitanda na choo, na Mtanzania analipa kwa shilingi. Bibi alale humo na mjukuu wake wa miaka 14. Ila kabla ya kulipia, ulizeni banda liko umbali gani na eneo la kambi. Ndani ya hifadhi magari hayaruhusiwi kuzurura usiku, kwa hiyo msije mkamweka mzee mwenye presha kilomita kadhaa kutoka mlipo, mkabaki mnaangaliana hadi asubuhi. Kama viko mbali, Mikumi laleni mabandani wote, hema mkalifungue mbele ya safari. Hakuna mtu atakayewaadhibu.

Lile jibu la mama nalo, "nitakwenda popote mwanangu atakaponipeleka", wewe umelichukua kama kakubali. Huenda kakubali, na huenda ni adabu ya mtu mzima anayeishi kwa mwanawe na hataki kuwa mzigo. Wewe mkwe huwezi kumchimba, na mwanawe akimuuliza atajibiwa hivyo hivyo. Mtume binti yako. Bibi na mjukuu ni watani, mjukuu anaweza kumuuliza, "Bibi, wewe na hayo magoti utaingia hemani kwa kutambaa?" na bibi akacheka, akasema ukweli. Utashangaa utakayoyasikia. Inawezekana kabisa mama anachotaka ni Pangani peke yake, na hizo mbuga nyingine zote anazivumilia tu.

Sasa kuna sentensi nyingine umeipitisha mdomoni mwa dada yako: kwamba likizo ya Desemba uliimaliza jikoni. Hii ni yako, si ya dada. Kambi ina kazi kuliko nyumba. Maji yanatoka kwenye dumu, vyombo vinaoshwa kwenye beseni umechuchumaa, wali una mchanga, mtoto ana mchanga, shuka lina mchanga. Mkienda bila kupangiana, utakuwa umehamishiwa jiko lako porini na kuongezewa nyani.

Mwenye wazo apike. Simaanishi asaidie kupika, namaanisha apike. Hao wanaume wa kwenye video ndio wanaopika, muulize kama sehemu hiyo aliiruka. Kijana wa miaka 9 ana mikono miwili, vyombo vya jioni ni vyake, sio kila kitu kimwangukie binti kwa kuwa ni binti. Wewe chukua asubuhi: chai, uji wa mtoto, dawa za mama. Siku ya kwanza isiwe na kupika kabisa, mle chapati na nyama mliyoikausha vizuri nyumbani. Maharage yachemshe nyumbani, yafungashe kwenye makopo yenye mfuniko, yagandishe. Yakiwa kwenye deli yanafanya kazi ya barafu siku ya kwanza, siku ya pili yanayeyuka yanaingia sufuriani. Mchele, dagaa, vitunguu, unga wa uji: mnakula vizuri bila kumtegemea mtu. Beba jiko dogo la gesi hata kama mwenzako anaota moto wa kuni. Moto huwashwa tu mahali palipotengwa, na kuni haziokotwi ovyo hifadhini.

Ratiba yake ndiyo itakayowaua kabla simba hajaamka. Sehemu saba kwa siku tisa, na mtoto wa miaka 3! Kila asubuhi kung'oa vigingi vya hema, kukunja, kufunga kwenye keria, kila jioni kusimika upya huku giza linaingia. Tena hizo sehemu hazikai pamoja. Kutoka Mikumi mpaka Mkomazi ni kuzunguka nusu ya mashariki ya nchi.

Mimi ningefuta tatu. Udzungwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, ndani hamna barabara za kuzungukia na gari. Uzuri wake ni kupanda msituni hadi maporomoko ya Sanje, mita 170, ukiwatafuta mbega wekundu wasiopatikana kwingine. Raha tupu, lakini bibi wa magoti atabaki getini na wewe utapanda na mtoto mgongoni. Lushoto mwezi wa Juni ni baridi ya kweli kweli, na kile kipande cha kutoka Mombo kwenda juu ni kona tupu, watoto watawatapikia kwenye gari la watu. Mkomazi, pamoja na faru wake na mbwa mwitu wake, iko juu huko Same. Ipewe likizo yake yenyewe.

Kinachobaki ni safari nzuri sana. Usiku mbili Mikumi. Kisha mrudi hadi Chalinze, mshike barabara ya Segera, mkunje Mandera kuingia Saadani, usiku mbili. Kisha Pangani usiku tatu au zaidi, maana hiyo ndiyo sababu ya safari yenyewe. Siku ya kurudi mpite Tanga. Amboni watoto wakitaka wapitishwe asubuhi, halafu Segera, Chalinze, nyumbani.

Sasa wanyama, maana umeuliza na una haki ya kujibiwa. Ndiyo, kambi za hifadhini kwa kawaida hazina uzio, na ndiyo, wanyama hupita. Familia zenye watoto hulala humo kila mwaka zikarudi salama, kwa sababu mnyama akiona hema lililofungwa huliona kama kitu kizima, kichuguu au jiwe, hapati sababu ya kuliingilia. Sababu anapewa na binadamu. Chungwa moja ndani ya hema ni mwaliko kwa tembo, pua yake haidanganywi na zipu. Kwa hiyo hemani kusiingie chakula chochote, hata biskuti ya mtoto, hata chupa ya maziwa. Kila kinacholiwa kilale kwenye gari, vioo vimefungwa. Viatu ingizeni ndani, fisi hupenda ngozi na hata kandambili huondoka nayo. Zipu ifungwe mpaka chini saa zote, mchana pia, na hapo suala la nyoka linakuwa dogo.

La kukojoa usiku, usitoke. Nunua poti ya mtoto na ndoo ndogo yenye mfuniko, ziwekwe kwenye kile kibaraza cha mbele cha hema. Wakubwa nao wasione haya. Mtu akilazimika kutoka, kwanza afungue zipu kidogo, amulike tochi pande zote taratibu. Macho ya mnyama hung'aa. Akiona macho anarudi ndani, basi. Na mkifika, kabla ya kusimika chochote, ongeeni na askari wa hifadhi awaambie usiku uliopita nini kilipita na kilipita wapi. Wanajua, na wanapenda kuulizwa.

Wa kuwachunga kuliko simba ni nyani. Simba anakuja usiku akipenda, nyani anakuja mchana na ana mikono. Nimewahi kuona dume zima la nyani likifungua kibanio cha deli kwa kidole gumba, likatoa mkate, likapanda nao juu ya keria, likala slesi moja baada ya nyingine likiwatazama wenye mkate usoni. Msilifukuze kwa kulisogelea, msilipe kitu, na mtoto asishike chakula mkononi akiwa mbali na nyinyi.

Kuhusu lile hema la bluu, nimecheka peke yangu. Mbung'o hupenda bluu iliyokoza na nyeusi kuliko rangi zote, hata mitego ya kuwakamatia hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Na mbung'o wapo, Mikumi wapo na Saadani wapo, wanauma hadi kwenye nguo. Akiweza kulibadilisha hema alibadilishe, asipoweza alifunike turubai la kahawia au kijani cha majani makavu. Watoto wasivae masweta ya bluu ya shule. Mbu wewe unawajua, ni wa Kibaha: chandarua, mikono mirefu kuanzia magharibi, dawa ya kupaka. Mtoto au mama akipata homa hata wiki mbili tatu baada ya kurudi, nendeni mkapime malaria, msingoje.

Mikumi ina uzuri wa kuwafaa wasafiri wapya. Ni hifadhi ya tangu 1964, kilomita za mraba 3,230, na bonde la Mkata liko wazi kiasi kwamba twiga, pundamilia, nyati na tembo mnawaona bila kuhangaika. Watoto watataka kukaa kwenye bwawa la viboko nusu siku, waacheni. Ila barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata hifadhi kama kilomita 50, na malori hayaoneani huruma. Mumeo afuate vibao vya mwendo. Ukimgonga mnyama pale unalipa faini, na kila mnyama ana bei yake.

Saadani ni kitu kingine kabisa. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi, asubuhi mnaangalia ngiri na kongoni, mchana mnanawa miguu kwenye maji ya chumvi. Mto Wami unaingilia hapo baharini, na safari ya boti mtoni ndiyo itakayomfaa mama kuliko zote: amekaa, kivuli kipo, viboko na mamba wanamfuata yeye badala ya yeye kuwafuata. Ufuko wa Madete kasa hutaga mayai. Mkibahatika kuwaona wakianguliwa, hakuna kushika, hakuna kumulika tochi wala simu, mwanga huwapoteza njia ya majini.

Hapo Saadani ndipo Noah ya shemeji inanitia wasiwasi. Sehemu nyingi ni ule udongo mweusi unaoshika, na mwaka ambao masika imechelewa kuisha, Juni bado kuna matope ya kumeza gari dogo hadi kwenye ekseli. Pigeni simu hifadhini siku moja kabla, mwulize njia ya Mandera gari la chini linapita au halipiti. Wakisema halipiti, msibishane na mtu aliyepo hapo. Bebeni spea iliyojaa upepo, jeki pamoja na kipande cha ubao wa kuiwekea, koleo, kamba ya kuvutia, na mjaze mafuta mkiwa bado kwenye lami.

Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu, mnapewa kontroo namba mnalipa kwa simu au benki, kwa hiyo fanyeni hayo mkiwa na mtandao. Kibali ni cha saa 24 tangu mlipoingia. Mkiingia saa 4 asubuhi, kesho yake saa 4 muwe getini au mlipie siku nyingine. Ndiyo maana wenye uzoefu huingia mchana, wakalala, wakazunguka asubuhi yote na kutoka kabla ya muda. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa, bila hicho mnaweza kuhesabiwa bei ya wageni, na bibi ndiye mara nyingi chake kimebaki kabatini.

Pangani sasa. Mwenzako ameandika "hema, ufukweni, siku mbili". Mwanangu, mama yake amerudi kwao baada ya miaka yote hiyo, halafu mwanawe na wajukuu wakapige hema ufukweni wakati ndugu wana nyumba? Hayo ni matusi, na yatasimuliwa hapo mjini hadi wajukuu wazeeke. Mama afikie kwa ndugu zake. Nyinyi nendeni moja kwa moja mkawasalimie, mle watakachowapikia, mlale usiku wa kwanza hapo hata kama ni kubanana. Siku ya pili mumeo aombe ruhusa: watoto wanataka kulala hemani ufukweni, tunaomba mtuoneshe mahali. Wenyewe watakuelekezeni kuzuri kuliko ramani, na vijana wa nyumbani watakuja kulala nanyi. Kutoka Kibaha bebeni sukari, mchele, khanga mbili tatu za wazee. Mumeo ameweka bajeti ya mafuta na viingilio, nina hakika hakuweka hii.

Njia ya kutoka Saadani kwenda Pangani na daraja la mto vimekuwa katika ujenzi, kwa hiyo ulizeni kabla kama siku hiyo mnavuka darajani au kwa kivuko cha Bweni. Kama ni kivuko, msifike jioni.

Hema la ufukweni lina sheria zake. Tafuteni ule mstari wa mwani na takataka ambao bahari imeuacha, hapo ndipo maji yalipofika. Simikeni juu yake, mbali. Na kama mwezi ni mchanga au mpevu, pandeni juu zaidi, ni bamvua, na pwani hiyo maji hupanda mita 3 na ushei. Msilale chini ya mnazi, nazi haichagui kichwa. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani, kwa hiyo jazeni viroba mchanga, fungieni kamba, vifukieni. Juni ni wakati wa kusi, upepo hauna mzaha. Jioni kuna usubi wanaouma vifundo vya miguu, mtoto avae soksi.

Kwa ajili hiyo hiyo ya kusi, lile wazo la kisiwa cha Maziwe, ambalo najua mumeo atalipata akifika Pangani, lipime. Ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, zamani kilikuwa na miti na kasa wengi sana, sasa maji yakijaa kinafunikwa. Kwa hiyo unakwenda kwa saa za nahodha, sio zako. Mumeo na wale watoto wakubwa wawili waende asubuhi bahari ikiwa tulivu, kila mmoja na jaketi okozi lililomkaa mwilini. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Wewe, mama na kitinda mimba bakini. Hiyo ndiyo siku yako ya kupumzika, na iandikwe kwenye ratiba kwa wino.

Dawa za presha za mama zikae kwenye mkoba wake, sio chini ya mizigo kwenye buti, na ziwe za siku nyingi kuliko safari. Aende kliniki wiki moja kabla apimwe. Kwenye gari akae mbele, msimame kila baada ya saa mbili anyooshe miguu, na anywe maji hata kama anakwepa kwa kuogopa kusumbua mkojo njiani. Wazee hufanya hivyo.

Na hilo hema lilaleni kwanza uani kwenu, Jumamosi moja, usiku mzima, na zipu imefungwa. Mtoto akilia saa 8 usiku mtajua mnafanyaje, mkiwa hatua kumi kutoka kitandani. Jirani aseme atakavyo.

Yote haya yaanze na maneno mawili kwa mumeo, na usiyacheleweshe hadi wiki ya safari. Mtu aliyeandika ratiba kwa mkono wake huwa mgumu kuifuta akishalipia. Mwambie leo, kabla hajaomba kontroo namba ya Mkomazi.

Shangazi